Mzee Aliyekataa Kuniomba Msamaha

Mama yangu,

Kamwene. Kifua kinaendeleaje na baridi ya huko? Mimi ni mzima, ila jua la Mtwara linanichoma kutwa nikiwa barabarani. Dada anayekusomea barua asome polepole. Haya sikutaka kuyasema kwa simu.

Mwezi uliopita tulisimama na tochi ya kupima mwendo karibu na shule moja, njia ya Ziwani, penye kibao cha hamsini. Kijana mwenye gari jeupe akapita na themanini. Nilipomsimamisha alishuka haraka, mikono kifuani.

"Afande, dada yangu, nimekosa. Nisamehe, sirudii."

Akanichekesha kidogo. Nikampa onyo, nikamwachia.

Nyuma yake nilikuwa nimesimamisha pikapu ya mihogo, kosa lilelile. Dereva alikuwa mzee mwembamba wa Kimakonde. Nikasubiri aniombe msamaha. Akaninyooshea leseni tu.

"Mzee, huna la kusema?"

"Umeona mwenyewe. Andika."

Mama, nilikereka. Nikamwandikia faini, na mbele ya abiria wake nikamwita jeuri, mtu mzima asiye na adabu. Akapokea karatasi, akaondoka taratibu.

Wiki iliyofuata nilitumwa shuleni pale kuwafundisha watoto kuvuka barabara. Mwalimu mkuu akaniambia, "Umetanguliwa, afande. Jumatatu alikuja mzee mmoja wa pikapu. Alisimama mstarini asubuhi, akawaambia watoto, 'Juzi nimepita hapa mbio. Ningeweza kuwaua. Nisameheni.' Kiswahili chake kilikwamakwama, lakini hakuna mtoto aliyecheka."

Nililitoa somo langu kwa shida.

Siku ya mapumziko nikaulizia kwake, nikaenda bila sare. Nikamkuta uani na mkwewe, mke wa mwanawe, wakichambua korosho. Nikapiga goti.

"Baba, nimekuja kukuomba radhi."

"Kwa faini?"

"Kwa faini, na kwa matusi."

"Faini nilistahili. Matusi, hapana." Akatupa korosho mbovu pembeni. "Lakini yule wa mbele yangu ulimwachia, mkacheka. Yeye kwani alipita kwenye shule nyingine?"

Hakusema amenisamehe. Alimwambia mkwewe aniletee kigoda, nikachambua nao hadi adhana ya alasiri, akaenda kuswali.

Sasa nikiwa kazini nawakumbuka wote niliowaachia kwa ulimi wao mtamu. Na wale niliowaandikia kwa sababu Kiswahili kiliwatoka kwa taabu, au hofu iliwafunga mdomo nikadhani ni kiburi. Ni wengi, Mama, na majina yao siyakumbuki. Nyumba niliyoweza kuifikia ni ile moja tu.

Msalimie baba mdogo anayekulimia viazi, na shangazi wa kwaya. Dada mpe shukrani zangu kwa kukusomea. Wewe uniombee.

Ni mimi mwanao wa tatu,
Agnesi