Nchi Chini ya Ziwa Ngosi

Iyunga, Mbeya
12 Juni 1954

Mkwe wangu Sekela,

Salamu nyingi. Sisi hapa wazima, isipokuwa mama mkwe wako, Yudith, goti linamsumbua kwa baridi hii. Wewe na dada yako Damari mnaendeleaje huko Iringa? Kifua chako kimepona?

Nimesikia kwamba Bwana Harilal, mwenye duka la santuri, amekuahidi safari ya Nairobi ukaimbe nyimbo ulizotunga mwenyewe. Nimefurahi, na nina maswali. Mila yetu hairuhusu mtu na mke wa mwanawe kuonana wala kusemezana. Ulipokuwa hapa, ukipita njiani mimi niligeuka nikatazama migomba. Lakini waliotunga mila hiyo hawakuijua kalamu, kwa hiyo naona barua haikukatazwa. Basi nieleze: nyimbo hizo ni za nini? Ni za kanisa?

Mume wako Asukile bado hajaandika. Nimewauliza tena wale wanaoandikisha vibarua wa Johannesburg. Ni kweli lile shimo la dhahabu la Chunya, alimokuwa akichimba, liliwafukia watu, lakini yeye hakuonekana miongoni mwa waliofukuliwa. Asiyeonekana huenda alikuwa ameshaondoka. Ukitulia ukafikiri, utaona hivyo hivyo.

Mkwe wako,
Fanueli


Iringa
4 Julai 1954

Baba mkwe,

Shikamoo. Barua yako imenikuta mzima, kifua kimetulia. Mwambie mama akande goti kwa maji ya moto yenye chumvi. Damari anawasalimu.

Nyimbo si za kanisa, unisamehe. Ni sita, katika santuri tatu, na Bwana Harilal atazitia zote ndani ya jalada moja kama kitabu, kwa sababu ni hadithi moja. Mchimba dhahabu anachimba mpaka anatoboa anga la nchi nyingine, iliyo chini ya ziwa Ngosi. Huko mvua hupanda kutoka ardhini. Ng'ombe wana taa kwenye pembe, nao hujipeleka malishoni usiku. Mfalme wao ni ndege korongo, na kila mgeni yeye humwuliza kwanza, kabla ya kumpa kigoda: "Wa kwenu wanajua kwamba umefika?"

Harilal aliposikia alishika kichwa. "Binti, watu wananunua mapenzi! Nani atanunua korongo?" Mkewe Hemlata akamjibu kutoka nyuma ya pazia, "Wewe ulinipata kwa nyimbo za mapenzi? Mwache mtoto aimbe."

Nimekueleza nyimbo tano. Ya sita sitaiandika. Hiyo uisikilize.

Mkwe wako,
Sekela


Iyunga, Mbeya
20 Julai 1954

Mkwe wangu Sekela,

Salamu. Goti limesikia ile chumvi, Yudith anakushukuru. Natumaini nanyi hamjambo.

Nimeisoma barua yako mara mbili. Mvua haiwezi kupanda. Jua huyapasha maji joto yakawa mvuke. Mvuke ndio unaopanda, ukifika juu hupoa, ndipo mvua hushuka. Ungeweza kuimba "mvuke," ingawa nakubali hauimbiki vizuri. Ng'ombe wenye taa nimewapenda. Swali la korongo sikulielewa. Mgeni akishafika amefika; wa kwao wanaulizwa ya nini?

Sahani ya Asukile bado tunaiwekea chakula na kuifunika kila jioni. Yudith hunung'unika kwamba chakula kinalala. Mimi humwambia basi la jioni huchelewa.

Mkwe wako,
Fanueli


Iringa
9 Januari 1955

Baba mkwe,

Shikamoo, na heri ya mwaka mpya. Mimi mzima wa mwili.

Santuri zimefika. Kule Nairobi walinisimamisha mbele ya chombo cha chuma, wakaniambia niimbe kama naimbia watu. Nilifumba macho nikajiwazia kwamba wewe uko upande wa pili wa migomba.

Kifurushi nimempa dereva wa basi. Baba, sina njia nyingine ya kusema nawe. Huu ni mwaka wa tatu, na watu wa kwetu wananiuliza mimi ni mke au ni mjane. Siwezi kuwajibu. Bila wewe kutamka, hakuna tanga la msiba, na hakuna anayethubutu kukuambia.

Mkwe wako,
Sekela


Iyunga, Mbeya
27 Februari 1955

Mkwe wangu Sekela,

Salamu. Afya zetu si mbaya. Nimekawia kujibu, na nitakueleza sababu.

Nilizipeleka santuri dukani kwa Dawood, maana yeye ana gramafoni. Sauti yako ilipotoka, nilisimama, nikageuza kiti, nikakaa nikiipa mashine mgongo. Dawood alicheka mpaka akakohoa.

"Mwalimu, unakimbia sanduku?"

"Ndani yumo mkwe wangu."

"Ndani mna springi na sindano, mzee!"

"Basi mtazame wewe. Mimi siwezi."

Waliokuwa mlangoni nao wakacheka. Nikatazama magunia ya chumvi, nikasikiliza. Sikujua kwamba una sauti ya namna hiyo. Umekaa katika ukoo wetu miaka yote hiyo, na mimi sikujua.

Ukaja wimbo wa sita. Wageni wote wamekaa, mchimbaji peke yake amesimama mbele ya korongo, sururu begani, miguu imemvimba. Hapewi kigoda, kwa sababu huko juu baba yake bado anamfunikia sahani. Dawood aliacha kucheka. Akaniuliza taratibu, "Nirudie?" Nikamwambia hapana.

Nilikukasirikia sana. Nilisema umeizunguka mila kwa ujanja, umeingia nyumbani kwangu kwa mlango ambao sikuufunga. Kisha jioni moja Yudith alileta sahani, nikajisikia nikimwambia, "Usiifunike." Aliiweka chini, akakaa papo hapo sakafuni, akalia. Kilio hicho alikuwa amekizuia tangu Chunya, kwa ajili yangu.

Tanga litawekwa baada ya Pasaka. Njoo.

Mkwe wako,
Fanueli


Iyunga, Mbeya
18 Aprili 1955

Sekela mwanangu,

Pole sana. Tulipata habari kwamba mto umefurika Igawa na basi lenu limerudishwa. Usijilaumu, mvua hii hakuna aliyeiweza. Je, hukunyeshewa? Kifua je?

Mbele ya wazee nimetamka kwamba mwanangu amekufa, nawe ni mjane, na kwamba uko huru. Uolewe, usiolewe, uzunguke nchi ukiimba, hakuna wa kwetu atakayekuuliza.

Nikueleze yaliyokuwa, kwa kuwa ulistahili kuyaona. Ambaye mwili wake haukupatikana, sisi humzikia shina la mgomba, lililokatwa kwa urefu wake. Kulikata ni kazi ya baba. Nilichukua panga nikaenda peke yangu, nikapima kwa macho, nikakata, nikalibeba mwenyewe. Wanawake wakalilaza mkekani. Yudith akalitazama, akanitazama.

"Baba Asukile, huyu ni nani?"

Lilinifika kifuani. Asukile unamjua, alikuwa akiinama mlangoni. Mimi nilikuwa nimemkata yule niliyekuwa nikimshika mkono kwenda naye shule.

Ndugu yangu Anania akataka kunipokea panga, nikakataa. Nikarudi shambani nikakata jingine, refu. Wakalifunga sanda. Mtu mmoja akainama aliondoe lile fupi, Yudith akamzuia.

"Na huyu pia."

Tukawalaza pamoja.

Baba yako,
Fanueli