Rampe ya Gari la Papa

Goma, quartier Katindo,
Tarehe 9 Novemba 2025

Kwako Yaya Rodrigue, kaka yangu mkubwa, Kampala,

Salamu nakupa, kwa sababu Mama ameketi hapa pembeni yangu na ameuliza mara mbili kama nimeanza na salamu. Afya yako iko namna gani? Valérie na watoto wanaamka vizuri? Kwa hao nauliza kwa moyo wote. Sisi tuko hai. Mama anatembea kidogo ndani ya parcelle, hapa uani, tension yake ya damu imeshuka. Shemeji yako Damien mkono wa kushoto bado umefungwa bandeji. Mimi nyusi zimeanza kuota tena.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu yangu huipokei, sasa ni wiki tatu. Prodige, dereva wa bisi ya Kampala, ameahidi kukupa barua hii mkononi na kungoja mpaka uifungue.

Picha za chuma cha gari nilizokutumia uliziona. Ulijibu mstari mmoja, kwamba chuma kinachoka, kisha ukanyamaza. Basi soma hapa jinsi chuma hicho kilivyochoka.

Tangu uliporudi Kampala mwezi wa nane, gari la Papa lilianza kunuka petroli. Damien alifikiri ni makadafi, hao wanaouza mafuta kwa bidon kando ya barabara. Akabadilisha muuzaji, harufu ikabaki. Nilikupigia simu kukuuliza, kwa sababu wewe ndiye uliyefungua moteur, injini yake, mara ya mwisho. Ulicheka. Ulisema gari la zamani lazima linuke kidogo, tufungue vioo.

Tufungue vioo, Yaya. Neno hilo bado liko masikioni mwangu.

Jumanne tarehe 14 Oktoba tulikuwa tunampeleka Mama hospitali kupima tension. Tulipofika Himbi, kwenye mpando, moshi ulitoka chini ya capot, kifuniko cha moteur, na kabla Damien hajasimamisha vizuri, moto ukafuata. Mama alikuwa nyuma. Unajua magoti yake. Nilimvuta kwa mikono miwili kama gunia, yeye akisema tu, "Polepole, binti yangu, polepole." Damien alifungua capot kwa mkono mtupu, ndipo alipoungua. Nilipokimbia kumsaidia, moto ulinipiga usoni. Mtu wa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, aliyekuwa amebeba mchanga alisimama, akamwaga mzigo wake wote juu ya moteur bila kuuliza gari ni la nani. Hata jina lake hatulijui, na siku ile alimfaa Mama kuliko mtoto wake wa kwanza.

Moto ulikula nyaya mbili na mipira, basi. Tulilivuta gari kwa kamba mpaka nyumbani. Damien hakuweza kushika ufunguo, kwa hiyo Jumamosi nilivaa salopette ya Papa nikafanya kazi mwenyewe, hapo uani juu ya mawe ya volkano, jirani yetu Rémy, yule fundi, akiniangalia. Papa alitufundisha sisi wawili sawasawa, hilo hujalisahau. Nilitoa waya wa betri. Nilitandika vitambaa vinywe petroli iliyobaki. Nilifungua boulons mbili za rampe, ule mrija wa chuma unaogawa mafuta, nikavuta upande huu kidogo, upande ule kidogo, mpaka ukatoka na injecteurs zake nne kama kiwele na chuchu zake.

Nikaufuta. Katikati kulikuwa na ufa, na juu ya ufa colle, gundi ya kijivu iliyopakwa kwa kidole. Alama ya kidole chenyewe bado ilionekana.

Rémy aliinama akaigeuza ile rampe, akaniambia:

"Mama Charline, hii rampe si ya hii gari. Mutu aliiweka akijua imepasuka."

"Unajuaje?"

"Colle haijipake yenyewe."

Nikatafuta msalaba. Unajua Papa alivyokuwa akichora msalaba mdogo kwa msumari kwenye kila chuma cha gari lake, ili garage yoyote isimbadilishie. Kwenye alternateur upo. Kwenye pompe upo. Kwenye rampe haukuwepo.

Gari lako na la Papa yana moteur ya aina moja. Siku ile ya mwezi wa nane uliyaweka uani bega kwa bega, capot zote mbili wazi, ukamtuma Damien mpaka soko la Virunga kutafuta joints, zile pete za mpira. Ulituambia unasafisha tu.

Kama ungeomba, ningekupa. Ungesema rampe yako imepasuka, una safari ndefu na watoto, ningeifungua ya Papa kwa mikono yangu, na gari letu lingesimama mpaka tupate nyingine. Hukuomba. Ulichukua hatari yako ukaipandisha kwenye gari la mama yako, ukapiga honi langoni, ukaenda.

Rémy alitupatia rampe nyingine kutoka gari lililokufa. Nilipaka joints mpya mafuta safi, nikaisukuma ikakaa, nikakaza, nikawasha contact mara mbili bila kuanzisha moteur, ili pompe isukume mafuta, nikapitisha kidole kila mahali. Kavu. Gari linatembea.

Mama sikumwambia kitu. Kesho yake baada ya misa aliniita mwenyewe.

"Ile chuma ulitoa jana, ni ile Rodrigue aliingiza?"

Nikakubali kwa kichwa.

"Nilikuwa kwa dirisha siku ile," akasema. "Nilimuona anachukua ya baba yake. Nikajiambia, mutoto anajua anachofanya."

Sitaki umpe Prodige chochote atuletee. Rampe ya Papa ilete mwenyewe, uketi mbele ya Mama, umwambie kwa mdomo wako. Kabla ya hapo usibishe hodi kwangu.

Mama hakulia wala hakukulaani. Aliniomba tu rozari yake. Anapomaliza kusali huwa anataja watoto wake kwa majina, na bado anaanza na wewe. Kila jina tunaitikia Amina. Kwa lako mimi sifungui mdomo. Yeye husubiri kidogo, kisha anaitikia peke yake.

Msalimie Valérie, na watoto wako Lévi na Julie; Charline wangu anawauliza kila siku. Damien hakutumi salamu, nami sikumlazimisha. Mungu awe mbele ya gari lako katika kila mpando, awalinde hao unaowabeba. Ninaomba hivyo kwa ajili yao.

Dada yako, kwa sababu tulizaliwa tumbo moja,

Kanyere