Kasuku Ametoka, na Hakumtaja Mtu

Nyumbani, kwenye meza ya cherehani
Jumapili, 14 Juni

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Goti linasemaje? Na kikohozi cha mkaza mjomba kimekwisha? Sisi huku wazima, na leo naliandika neno hilo kwa moyo mweupe, maana Kasuku ametoka! Mdogo wangu yuko chumbani anakoroma, nami kila nikipita namchungulia.

Ulisikia kwamba polisi walimkamata pale gazetini anakoandika kwa ile habari ya dawa za hospitali kuuzwa madukani. Walichotaka ni jina tu: nani kamwambia? Ni nesi, zaidi ya hapo hata mimi sijui. Wangempata, wangemmaliza.

Mama alikuwa moto. "Ataje, aje ale! Anafia watu baki?" Nilimjibu vibaya, tukanuniana.

Sasa sikia. Waandishi wa magazeti yale mawili, la Kasuku na pinzani lake, unawajua, hawapikiki chungu kimoja. Juzi waziri kawaita, kamwaga sifa za miradi yake, kisha akakaribisha maswali. Wa kwanza akasimama: "Mwenzetu yuko wapi?" Wa pili, wa gazeti pinzani, swali lilelile. Wa tatu vilevile, hadi wakaisha! Redio ilikuwa inarusha moja kwa moja. Mie nashona suruali ya mteja, nikaiziba mguu mzima. Kesho yake wakamwachia.

Amekonda, Mjomba, na kidole kimoja hakikunjiki. Hasemi kwa nini, nasi hatumbani. Ila kala sahani mbili na kulalamika chumvi imezidi.

Alipomaliza, Mama akamkazia macho: "Ulimtaja?" Akatikisa kichwa. Huyu Kasuku, aliyepewa jina hilo kwa umbeya, aliyenichongea kwa kila kijiko cha sukari! Nikajua Mama atafoka. Wapi! Akamwongezea chai, akageukia ukuta, akalia.

Msalimie mkaza mjomba na wale mapacha watundu. Mungu awafunike nyote. Barua hii ukishaisoma, ichane, kwa sababu ya hili la mwisho.

Leo asubuhi mama mmoja nisiyemjua, ananukia dawa za hospitali, kaniletea sketi nipunguze kiuno; nikampima. Akasimama, akasikiliza ule mkoromo wa Kasuku, akafuta macho, akaondoka. Nimeilinganisha sketi na vipimo vyake, Mjomba. Haina haja ya kupunguzwa.

Mpwa wako akupendaye kwa kelele zake zote,
Fundi