Leso ya Nne Iliimba

Sasa Njeri,

Huku Mutuini kuna manyunyu, na mukimo nimekula sahani mbili. Ule wimbo wa roki niliokutungia unapigwa siku hizi kila duka la River Road, ndiyo maana leo nimeitwa kuuimba kwenye ruracio ya watu, sherehe ya kupeleka mahari. Wasichana sita wametolewa wakiwa wamefunikwa leso gubigubi, bwana harusi amtambue wake. Amezunguka mara mbili, jasho linamtoka, wazee wanamcheka. Nikaona nimsaidie, nikakwaruza gitaa. Kufika kwenye kiitikio, leso ya nne ikaimba kushinda spika! Jamaa akaijua sauti, akaifunua mbio, na kweli alikuwa ndiye. Mzee mmoja akanishika bega: "Kijana, kumbe hizi kelele zako zina kazi."

Mpelekee baba yako maneno hayo, yeye aliyesema mpiga kelele haoi kwake. Mwambie Jumamosi naja kwenu Molo na wazee wangu. Na wewe ukifunikwa siku hiyo, nyamaza kabisa. Nataka nikutambue bila msaada wa gitaa.

Wako asiyechoka,
Mwangi