Kikohozi cha Wifi

4 Machi

Mama, shikamoo. Hujambo na goti lako? Cherehani bado inakata uzi? Mimi mzima, ila tangu jana sijalala, na leo nimetia chumvi kwenye chai.

Unakumbuka nilikwambia hapa maabara tunachunguza protini moja? Inashika DNA ndani ya chembe changa za kinga na kuziamrisha: jeni hii ifanye kazi, ile ilale. Isipokuwepo, chembe hazikomai, na mtoto anabaki hana wa kumpigania. Tulihitaji damu ya mtu mwenye afya, ya kulinganisha na ya wagonjwa. Nikanyoosha mkono wangu kwa mbwembwe. Mama, nakala yangu moja ya jeni ya protini hiyo ni mbovu!

Usiogope, nyingine ni nzima, inanitosha. Lakini mtoto akirithi mbovu mbili, moja kwa baba na moja kwa mama, kikohozi kidogo tu kinamwondoa. Nimewawaza kaka zangu wawili ambao sikuwaona. Nimeweka vichupa viwili humu. Wewe na Baba temeni mate, mnirudishie.

Kidomo wako

19 Machi

Kidomo, marahaba. Goti lipo tu, linaniuma na kuniacha. Baba yako ametema mpaka fulana imelowa, anasema hajawahi kuombwa mate kwa heshima namna hii.

Mimi sicheki. Unafukua nini? Wanangu waliuawa na kikohozi cha wifi yangu, dada yake baba yako. Wa kwanza alimbeba huku anakohoa. Wa pili akambeba nikiwa sokoni, na nilishamkataza! Nilimwita muuaji mbele ya mtaa mzima. Mwaka wa thelathini na moja huu sijampa hata salamu, na sijuti. Pima mate yako, uniachie wafu wangu.

Mama yako

2 Mei

Mama, shikamoo. Keti kwanza ndipo usome.

Wewe unayo mbovu moja. Baba naye moja. Kaka zangu lazima walizipata zote mbili. Si kosa la mtu, Mama, si lako wala la Baba. Na Shangazi hakuwaua. Kisingekuwa kikohozi chake, kingekuwa cha jirani, au chako. Niliposoma majibu nilikaa sakafuni na koti langu jeupe, nikalia mpaka mkuu wetu akaja kuuliza nimevunja chombo gani.

Tafadhali nijibu.

Mwanao

30 Juni

Mwanangu, kalamu ilinishinda. Siku niliyopata barua yako nilikata mashati kumi, yote mikono ya kushoto.

Wiki iliyopita nilikwenda kwa wifi. Ni mtaa wa nne tu kutoka kwetu. Aliponiona alirudi nyuma, akajifunika mdomo kwa kitambaa. "Wifi, usinisogelee, nina mafua." Mke wa mwanawe ndiye aliyenieleza: tangu siku ile hajambeba mtoto yeyote, hata wajukuu wake. Huwatazama akiwa mlangoni. Jamani, kumbe aliniamini! Mimi nilikuwa na uchungu, natafuta wa kumlaumu, yeye akalibeba neno langu miaka yote hiyo.

Nimemwambia mara tatu kwamba si yeye. Anatikisa kichwa, anasema namwonea huruma tu. Mwandikie wewe, kwa maneno mepesi, upige na mhuri wa maabara. Andika leo hii. Mjukuu wake wa tatu amezaliwa Ijumaa.

Mama yako