Shafti ya Pili Haijapimwa

Mume wangu Elia,

Huna haya. Unazabwa kofi moja na baba yako mdogo Yona, unabeba sumaku yako unapanda treni, unaniacha kizee mimi nigombane na chuma! Mume gani wewe? Ulipokuwa mdogo uliniapia, "Bibi, nitakuoa, nitakujengea nyumba ya bati." Bati lenyewe sijaliona.

Sumaku umezianza zamani. Redio ya marehemu babu yako uliipasua ukatoa ile ya spika, ukawa unaiburuza kwa kamba kwenye mchanga wa stesheni, inarudi na ndevu nyeusi za unga wa chuma. Nilikuchapa, na leo ningekuchapa tena.

Nakumbuka siku ile kwenye mashine ya kukamua alizeti. Wateja wamejaa na magunia yao, wewe ukafuta grisi kwenye shafti, ukaikalisha sumaku ya miguu miwili, ukanyunyiza unga wa chuma. Unga ukajikusanya pembeni ya puli, lile gurudumu la mkanda, mstari mwembamba kama unywele.

"Huo ni ufa, bibi. Chuma kimechoka."

"Kimechoka? Kwani kinalima?"

"Kama waya ukiukunja huku na huku. Mwisho unakatika."

Nikaelewa. Yona hakuelewa. Alikuzaba mpaka sumaku ikaruka. "Toka! Kiwanda cha serikali kimezungusha shafti hii miaka yote, leo iko kwangu ndiyo ichoke?"

Ukatoka. Yeye akaita mchomeleaji, akapitisha moto juu ya ufa, akapaka rangi nyekundu. "Haya, ufa uko wapi?" Wateja wakacheka. Nikamwambia, "Umepaka poda kwenye jipu."

Elia, ilikatika pale pale penye ufa. Ililia kama ng'ombe anayechinjwa. Puli ikaruka ikatoboa ukuta. Mkanda ukamnasa Yona mkono, ukamvuta, ukauchana mpaka kiwiko, mfupa nje, damu ikachuruzika kwenye mashudu. Hospitali walimalizia tu kuukata.

Sasa namlisha ugali kama nilivyomlisha akiwa na meno mawili. Anatafuna kwa hasira. Na bado anataka kufunga shafti ya pili! Aliinunua siku moja na ile, kiwanda kilipofungwa na kuuzwa vipande vipande. Zilifanya kazi pamoja, zikapigika pamoja. "Hii nzima, mama, inang'aa." Hata ile iling'aa.

Mkanda wa mashine nimeukalia, asiiwashe. Naulalia. Jana alikuja na panga mkono wa kushoto. "Mama, nyanyuka."

"Kata," nikamwambia.

Akalitupa panga ukutani, akalia. Sijawahi kumwona akilia tangu tumzike baba yake. Nami nilitaka kulia, lakini ningelia, nani angeulinda mkanda?

Nimechoka, mume wangu. Mimi sina sumaku ya kunipima. Unga wako uliomwagika nimeufagia, uko kwenye kopo.

Panda treni. Ukishuka usizunguke kwa marafiki, njoo moja kwa moja mashineni. Mwamkie Yona shikamoo, aitikie asiitikie. Futa grisi, pima shafti hiyo mbele ya wateja wale wale waliocheka. Akiinua mkono uliobaki, mchi ninao mimi. Na ukiuona unywele mwingine, usibishane na mtu: chukua msumeno wa chuma, ikate vipande viwili.

Bibi yako, mkeo mkubwa.