Jina Linaanza Baada ya Gida

Baba,

Sasa hivi mjukuu wako Neema amechomoa plagi ya kompyuta ukutani. Ameikamata kwa mikono miwili, amejivuta nyuma kwa nguvu zote, ameing'oa kama anavyong'oa karoti kwa bibi yake kule kijijini Daudi, halafu ameanguka chini kwa makalio huku bado ameishika. Kioo kikalia tii, kikawa cheusi. Neema akakiangalia, akaniangalia mimi, akasema, "Mama, imelala."

Imelala kweli. Imelala na majina yote niliyoyaandika tangu asubuhi.

Shikamoo Baba. Najua nimeanza vibaya, umenifundisha salamu kwanza, habari baadaye. Lakini leo nina hasira, na hasira hizi sina wa kumpa. Baba Neema nikimwambia anasema nyamaza, utafukuzwa kazi. Mama hayuko hapa kambini kwenye shamba la ngano, alibaki Daudi tangu tulipokuzika. Anakusalimu. Amepanda maharage pale upande wa juu wa kaburi lako kwa sababu alisema hukupenda kukaa karibu na magugu.

Nakuandikia nyuma ya daftari lako la mahudhurio, hizi kurasa ulizoziacha. Jenereta imezimwa kwa chakula cha mchana mpaka saa nane, kwa hiyo nina muda. Neema yuko hapa mgongoni, nimemfunga, hatachomoa kitu tena.

Ngoja nikueleze tangu mwanzo, maana uliondoka kabla hii kompyuta haijafika.

Ulipokufa, meneja alisema nishike kazi yako ya ukarani kwa muda, kwa sababu nilikuwa nakusaidia na mwandiko wangu unasomeka. Nilifurahi, Baba. Nilisema huenda nikafanya vizuri, wakanipa moja kwa moja. Wiki mbili baadaye Landrover ikaleta maboksi, na bwana mmoja kutoka Dar kuja kutufundisha. Ana jina lake lakini kambi yote inamwita Bwana Kompyuta. Wakaiweka mashine ofisini kwako, pale pale juu ya meza yako. Meza yako wakaitoboa tundu la kupitisha waya.

Basi na heshima ikaanza. Dirisha lako ulilokuwa unalifungua uongee na watu, wamelipigia mbao, eti vumbi la ngano linaua kompyuta. Mlangoni unavua viatu. Feni imeletwa, ya kupepea mashine, siyo mtu. Jioni inafunikwa shuka nyeupe mpya, na mimi kule zahanati niliambiwa shuka hakuna, nilimzaa Neema juu ya kanga yangu mwenyewe. Nilipoona ile shuka nilitoka nje nikaenda kusimama nyuma ya ofisi kwanza.

Na ile kitu haijui lolote, Baba. Ukiandika, lazima uiambie ikumbuke, usipoiambia haikumbuki. Hilo Bwana Kompyuta alinieleza leo, baada ya plagi. "Hukusevu?" Nikamwambia sijui hiyo sevu ni nini, hujanifundisha. Akashika kichwa kama amefiwa. Wewe nani alikuambia ukumbuke? Ulikuwa unakutana na mtu mnadani Katesh, miaka imepita, unamwita kwa jina lake na la baba yake na unamuuliza yule ng'ombe aliyevunjika pembe.

Lakini siyo hilo lililoniudhi mpaka nikafungua daftari la marehemu. Ni jambo la majina.

Unakumbuka hadithi yako ya wiki ya kwanza kazini? Uliyokuwa unatusimulia huku unacheka peke yako kabla hujafika mwisho? Ulivyotoka Mbulu hujui Kibarbaig hata neno, wakaja vijana wa Hanang kuandikwa kazi, ukamuuliza wa kwanza jina, akasema Gida fulani, wewe ukaandika Gida, ukasema inatosha. Wa pili Gida. Wa tatu Gida. Kesho yake ukasimama na daftari ukaita "Gida!" na mstari mzima ukaitikia. Wakakuita Karani Gida mpaka mavuno. Ndipo ukajua majina ya wanaume wao mengi yanaanza na Gida, ukajifunza kuuliza. Mimi nimekua nikikusikia pale dirishani kila mwezi, mtu mpya akija: "Gida nani? Malizia." Na ukaniambia mimi nikiwa darasa la nne, ukinishika mkono na kalamu yako nyekundu, kwamba hapa kwetu jina linaanza baada ya Gida.

Sasa hii mashine ina nafasi ya herufi nane. Nane tu. Ukifika ya nane inalia, haisogei. Nimemwambia Bwana Kompyuta, hawa wazee wote wataanza sawa. Akasema, "Dada, mashine imejaribiwa huko nje, haikosei." Nikasema hebu njoo uone. Gidamudahod dereva wa trekta, na Gidamudareg mlinzi wa ghala, rafiki zako wote wawili. Wamekuwa GIDAMUDA na GIDAMUDA. Akaangalia, akasema, "Kwani hawawezi kuitwa Juma?"

Baba, ulikuwa na upole ambao mimi sina. Nilimwangalia kwa jicho baya.

Halafu mwezi uliopita Mzee Gidamudareg akafariki. Kifua, kama wewe. Pole, labda umeshamwona huko na mnaongea habari zetu. Nikaambiwa nimtoe kwenye orodha. Jina lako alilitoa yeye mwenyewe Bwana Kompyuta wiki ya kwanza, mimi nikageukia ukuta. Hili la Mzee Gidamudareg akasema sasa jifunze. Nikaandika GIDAMUDA, nikabonyeza kama alivyoonyesha. Kioo kikaniuliza kwa Kiingereza. Nikamuuliza inasema nini. Akasema, "Inauliza kama una hakika. Bonyeza Y."

Nikabonyeza Y.

Sikuwa na hakika, Baba. Kitu kinakuuliza una hakika, kwa lugha usiyoijua, na aliyesimama nyuma yako anatikisa mguu kwa haraka. Nilibonyeza. Ikawatoa wote wawili.

Orodha ikaenda makao makuu, ikarudi na muhuri. Mzee Gidamudahod ni marehemu.

Mwanzoni tulicheka, nisikudanganye. Alikuja hapa mlangoni, akavua makubazi yake kama amri inavyosema, akauliza, "Mama Neema, nimekufa lini? Maana jana nimelima mpaka jua linazama." Madereva wakawa wanampokea karakana nzima, "Shikamoo marehemu! Marehemu, tugawie ugoro, huko huuhitaji!" Na yeye anajibu, "Marahaba, kumbe kufa hakuumi." Alikuwa anacheka kuliko sisi.

Kicheko kimekwisha Jumatatu. Msimamizi wa nyumba alipita na chaki na karatasi yenye muhuri, akapiga msalaba mlangoni kwa Mzee Gidamudahod. Nyumba ya asiyekuwemo kwenye orodha anapewa mwingine. Orodha ya mwisho inaondoka na gari la Ijumaa, asiyemo ndiyo basi, na leo ni Alhamisi. Na unajua nini kiko ndani ya nyumba ile? Mke wake mdogo amejifungua wiki iliyopita, mtoto wa kiume, baada ya kuharibikiwa mimba mara tatu. Yuko ndani kwa desturi yao, amefungiwa ngozi mlangoni, hatoki, haonekani na watu, anakunywa maziwa apate nguvu. Huyo ndiye atolewe nje na vyungu vyake mbele ya kambi nzima, kwa sababu ya herufi tatu zilizokosa nafasi. Na kwa sababu ya kidole changu. Msimamizi namlaumu, na Bwana Kompyuta namlaumu, lakini kidole ni hiki nilichoshikia kalamu.

Jana nilimpeleka Mzee Gidamudahod kwa Bwana Kompyuta, nikasema, huyu hapa, anapumua. Yule bwana alimwangalia mtu, halafu akaangalia kioo. Akaangalia tena kioo. Akasema, "Gidamuda ametolewa, siwezi kumrudisha bila barua ya makao makuu." Mzee akamwambia taratibu sana, "Mwanangu, mimi siyo Gidamuda. Gidamuda hakuna. Huyo hajazaliwa bado." Akavaa makubazi akaondoka. Hakupiga kelele. Ningependa angepiga kelele.

Usiku huo sikula. Nilikuwa nakukasirikia na wewe, nikuambie ukweli. Nilisema, kwa nini umekufa sasa? Si ungengoja kidogo umwonyeshe yule bwana hili daftari, umwambie kwa sauti yako ile ya chini ambayo hata meneja alikuwa anaisikiliza? Mimi nina la saba na mtoto mgongoni. Nani ananisikiliza mimi?

Basi leo asubuhi nilikuwa naandika orodha ya mwisho kama alivyotaka, GIDAMISH, GIDAHAND, kila mmoja amekatwa shingo, na machozi yananitoka. Mzee Gidamudahod siruhusiwi kumweka. Nimefika karibu na mwisho, Neema akatambaa chini ya meza. Mengine nimekuambia.

Bwana Kompyuta amepiga kelele mpaka wapishi wametoka nje. Ameniambia nitaandika yote upya, mimi mwenyewe, leo hii kabla ya saa kumi na mbili, na yeye anakwenda Katesh kupiga simu, hataki kuniona. Ameondoka na gari la maziwa. Amemnyooshea hata Neema kidole usoni, "Na huyu asiingie hapa tena!" Neema akamshika kile kidole, akamsalimia, shika-moo. Ameanza kuisema wiki hii.

Niko peke yangu na mashine, Baba. Na nimekaa hapa na daftari lako, nimesoma majina kwa mwandiko wako, ile mikia yote mirefu ya herufi zako, na ndipo nimeona. Nimeona, nikacheka kwa hasira. Mashine inataka herufi nane. Haikusema zianzie wapi.

Nitaacha Gida. Nitaanzia pale ulipoanzia wewe. MUDAHOD. Nimehesabu kwa vidole, ni saba, inaingia na nafasi inabaki. Nimejaribu wote walio kwenye daftari, hakuna wawili wanaofanana. Na juu kabisa, mstari wa kwanza, nitaandika kwa maneno kwamba hawa wote ni Gida. Safari hii nitaiambia ikumbuke, na nitachapa, na karatasi nitampelekea meneja mkononi pamoja na daftari lako aone kwamba mtu huyu alikuwepo tangu shamba lilipofunguliwa, na bado yupo.

Huenda nikafukuzwa. Baba Neema atasema si nilikuambia. Lakini huenda meneja akaelewa, alikuja kwenye mazishi yako, alishika koleo. Na nikuambie siri, naipenda kidogo ile mashine. Ukibonyeza, herufi inawaka kijani kama kimulimuli. Nataka kuijua vizuri, siyo kuambiwa bonyeza Y. Nataka siku moja iniulize kama nina hakika, niwe ninayo.

Nasikia jenereta inakohoa. Feni imeanza. Na kuna mtu anagonga ubao wa dirisha, pale pale walipokuwa wanagonga wakikutaka wewe. Ni Mzee Gidamudahod. Anaita, "Mama Neema! Toka kwenye uandishi huo, njoo unifufue, nina trekta inaningoja!"

Nakuja, Mzee.

Baba, kwaheri. Pumzika, usisumbuke na kifua tena. Nakuahidi namwandika akiwa hai, na yule mwanamke hatatoka mlangoni mpaka siku yake ya kutoka, na Bwana Kompyuta akirudi akiuliza nani amekuruhusu, sitamjibu kuhusu mashine wala makao makuu, nitamwambia tu kwamba baba yangu alinifundisha jina linaanza baada ya Gida.